Mkoba wa Shule na Mtungi wa Nyanya

Nilivusha pombe mpakani kwa mara ya kwanza mwaka 2014, nikiwa darasa la sita, na nilikuwa nimevaa sare ya shule.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Aliyezaliwa huko anajua kwamba mji ni mmoja ila serikali ni mbili. Hata jina la boda boda inasemekana lilianzia hapo, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Mama mmoja mwenye kibanda sokoni alitupa kazi watoto watatu wa mtaa wetu. Tulipita njia ya panya nyuma ya nyumba, tukaingia Busia ya Uganda, tukapokea pakiti za waragi, tukazipanga chini ya madaftari na kurudi. Kila safari ilikuwa shilingi 50. Hakuna askari aliyejisumbua kupekua mkoba wa mtoto wa shule.

Biashara ile ilizaliwa na tofauti ya sheria. Mwaka 2010 Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti vileo, ambayo watu wengi waliiita Sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo iliruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni, ikaweka saa za kufungua baa, na ikakataza pombe kali kuuzwa katika pakiti ndogo. Tanzania, ambako pakiti hizo huitwa viroba, ilizipiga marufuku Machi 2017. Uganda ilifanya hivyo mwaka 2019. Kwa hiyo, kwa takriban miaka tisa, bidhaa iliyokuwa haramu kwetu ilikuwa halali ng'ambo ya barabara.

Wakati huo sikujua nilichobeba. Leo naweza kupiga hesabu. Pakiti ya mililita 100 yenye kileo cha asilimia 40 ina mililita 40 za kileo halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4 ina mililita 20. Pakiti moja inayotoshea kiganjani ni sawa na chupa mbili za bia, na mtu huimaliza kwa mafunda machache akiwa amesimama. Tena huhitaji kukaa na mtu ndipo uinywe. Unaitia mfukoni na kuondoka.

Likizo zangu nilizipitisha kwa nyanya, mzaa mama, katika kijiji kimoja cha Tororo. Mama ni Mteso, na kwao pombe ina mahali pake. Nyanya alikuwa akitengeneza ajono kwa wimbi. Unga uliochachuka ulikaangwa, ukaanikwa juani, kisha ukachanganywa na kimea. Siku ya kunywa, mtungi uliwekwa katikati, maji ya moto yakamiminwa, na wazee wakaketi kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Palikuwa na adabu. Mtu hakuinuka na kuondoka bila kuaga, na aliyeanza kupayuka aliambiwa aweke mrija chini. Mimi nilikaa pembeni kumsikiliza mjomba, kwa maana hakuna aliyemshinda kwa hadithi.

Mjomba alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye malori pale Malaba. Sikumbuki ni lini hasa alianza kuja nyumbani na pakiti mfukoni. Ninachokumbuka ni kwamba aliacha kukaa mtungini. Alisema ajono inachelewa. Baadaye mikono yake ikawa inatetemeka asubuhi mpaka apate pakiti ya kwanza. Akauza mbuzi wawili wa nyanya, akaapa kwamba wameibwa. Usiku mmoja alimpiga mkewe mbele ya watoto, na asubuhi akauliza ni nani aliyemuumiza. Nilidhani anajifanya. Sasa najua kwamba pombe nyingi inaweza kuuzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu, ingawa mtu yu macho, anatembea na kuzungumza. Hilo halimwondolei hatia. Linaeleza tu kwa nini majuto yake hayakuwahi kulingana na kosa.

Desemba 2021 ukoo ulikaa kikao. Iliamuliwa mjomba afungiwe ndani wiki moja, apewe uji na maji, bila tone la pombe. Mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilijiona msomi wa nyumba. Siku ya kwanza alitokwa jasho na kutapika. Siku ya pili alianguka kwa degedege. Siku ya tatu alikuwa akizungumza na watu tusiowaona na kufukuza wadudu ukutani. Jirani mmoja alisema amerogwa, mwingine akaleta waombaji. Nyanya peke yake ndiye aliyepiga kelele kwamba mwanawe anakufa, na tukamkimbiza hospitalini kwa boda boda, mimi nikiwa nimemshikilia kwa nyuma.

Daktari aliyempokea hakutulaumu, ila alituambia ukweli. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku huishi kana kwamba breki imekanyagwa muda wote, na ubongo huongeza kasi ili kushindana na breki hiyo. Ukiiondoa ghafla, kasi inabaki bila cha kuizuia. Ndipo huja mtetemeko, degedege, na wakati mwingine kifo. Mlevi wa kiwango hicho huachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Sisi tulidhani tunamponya, kumbe tulikaribia kumuua.

Mjomba alipona hatari ile. Ini lake halikupona. Ini ndilo linalobeba kazi kubwa ya kuvunja kileo, na katika kazi hiyo huzalisha asetaldehidi, ambayo ni sumu. Linapoumizwa miaka mingi hujaa makovu na kusinyaa, na kovu halirudi kuwa nyama nzima. Tumbo la mjomba lilijaa maji na macho yakawa manjano. Tangu hapo amerudia pombe mara mbili na kuacha mara mbili, zote kwa msaada wa kliniki.

Nikisimulia habari hizi chuoni, wenzangu husema kosa ni la pombe za viwandani na za magendo, na kwamba pombe ya asili haina neno. Natamani ingekuwa hivyo. Ni kweli magendo huua haraka zaidi: mwaka 2000 jijini Nairobi, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine, kwa kuwa mwili hugeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Lakini kileo cha wimbi na kileo cha kiwandani ni kitu kimoja kinapofika kwenye ini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Mtungi wa nyanya haukuwa dawa. Uliwapa wanywaji kitu kimoja ambacho pakiti iliwanyima, yaani watu wa kuwaambia, "Weka mrija chini."

Sijui pakiti nilizobeba zilinywewa na nani. Zilikuja Kenya, na mjomba alinunua zake Uganda, kwa hiyo siwezi kusema nilimlewesha mimi. Hata hivyo, kila moja iliishia kwa mjomba wa mtu. Shilingi zile nilinunulia maandazi na kalamu, na kwa kalamu hizo nilifaulu mtihani.

Nilimtembelea Agosti iliyopita. Wazee walikuwa mtungini. Mjomba alikuwa nao, kikombe cha chai mkononi, kiti chake kimesogezwa nyuma kidogo. Aliponiona aliniita, "Mpwa wangu, njoo ukae." Nikavuta kigoda. Alisimulia hadithi ya lori lililokwama Malaba siku nne, na alipofika mwisho wazee waliacha mirija yao ili wacheke.