Ujirani wa Majini

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kauli hiyo ni ya watu wa mifugo, lakini inathibitika upesi zaidi ndani ya tangi la kioo lenye samaki wa Ziwa Tanganyika. Katika nyumba za Ujerumani, Japani na Marekani wamo wafugaji ambao hawajaiona Kigoma kwa macho yao, na hata hivyo huyatamka majina ya Kigoma, Kipili na Ikola kila siku, kwa kuwa samaki wao huitwa kwa majina ya mwambao walikovuliwa. Mfugaji wa namna hiyo hukabiliwa na suali moja kabla ya mengine yote: nani akae na nani?

Jawabu lake limo ziwani kabla halijawamo dukani. Tanganyika ina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, na ni ya pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Humo mnaishi aina zipatazo 200 au zaidi za jamaa ya perege, ambayo wataalamu huiita sikilidi, na takriban zote hazipatikani pahala pengine popote. Mtu akisimama juu ya majabali ya Kigoma huona maji mamoja, ilhali chini ya maji hayo mna mitaa: mtaa wa mawe, mtaa wa mchanga, mtaa wa maji ya wazi, na mtaa wa kina chenye giza. Kila mtaa una wenyewe, una chakula chake na una desturi zake.

Mtaa wa mawe ndio makao ya trofeusi, samaki wa kiasi cha kiganja, ambaye kutwa hukwangua mwani laini uliotanda juu ya majabali. Utumbo wake ni mrefu, kama ilivyo kwa wala majani wengi. Akiwekwa pamoja na walaji nyama, akashiriki karamu yao, tumbo humvimba akafa. Basi sharti la kwanza la ujirani ni sinia: wasiokula chakula kimoja wasialikwe pamoja. Sharti la pili ni nafasi ya kukimbilia. Trofeusi wawili wakiachwa peke yao, mwenye nguvu humwandama mnyonge usiku na mchana mpaka amwue. Ziwani aliyeshindwa huhamia jabali jingine. Katika kioo hakuna jabali jingine. Ndiyo maana wafugaji wazoefu huwatia kumi na wawili au zaidi kwa mpigo, ili ghadhabu igawanyike na asipatikane mmoja wa kuibeba yote.

Hapa ndipo ziwa linapoyapindua mazoea ya fikra zetu. Aghalabu tunadhani wafananao ndio wapatanao. Kwa samaki hawa, afananaye nawe ndiye anayelitaka jabali lako, chakula chako na mwenzio. Hivyo ndiye adui wa kwanza. Wanaopatana ni wale ambao mmoja hakitamani alicho nacho mwenzake. Yuko samaki mdogo wa mchangani, hazidi urefu wa kidole, ambaye nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Yuko julidokromi, mwembamba mwenye michirizi, anayekaa katika nyufa za mawe. Na wako siprikromi, wanaotembea kwa makundi katika maji ya juu. Watatu hawa wakitiwa tangi moja lenye nafasi, huishi kama majirani wa nyumba ya ghorofa: wa chini hajui cha juu, na wa juu hana haja na cha chini.

Hata hivyo, upole wa sura usimhadae mtu. Frontosa wa Kigoma, mwenye nundu ya kipaji na mistari myeusi, huogelea kwa haiba ya mzee atokaye msikitini. Lakini ni mla samaki, na siprikromi aliyelala mbele yake huenda asiione asubuhi. Brichardi naye, aliyepewa jina la Mbelgiji Pierre Brichard, husifiwa kwa mapenzi ya ukoo, kwani watoto wakubwa huwasaidia wazazi kuwalinda wadogo zao. Mapenzi hayo hayo ndiyo yanayowafukuza wageni, na ukoo unapozidi hakuna jirani anayebakishiwa pembe ya kukaa.

Madukani kuna kibandiko kimoja kinachoyafunika haya yote: "samaki wa Afrika". Chini yake hutiwa pamoja wa Malawi, wa Viktoria na wa Tanganyika, kana kwamba bara ni bwawa. Wa Malawi wa mawe ni wakali mno kwa wengi wa Tanganyika. Na hata ndani ya Tanganyika, trofeusi wa Ikola akiwekwa na wa Moliro, ng'ambo ya Kongo, huzaa naye mtoto asiye na mwambao wa kuitiwa.

Kuchagua jirani vibaya si msiba wa kioo peke yake. Sangara alipotiwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, aliwakuta furu, jamaa za hawa perege, ambao hawakuwa wamepata kumjua. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Tanganyika nayo ina sangara wake wa aina nne, migebuka akiwa mmojawapo, na perege wake wangalipo, kwa kuwa wamejuana tangu dahari. Ukali ni ule ule. Tofauti ni umri wa ujirani.

Ujiji, jirani ya Kigoma, inayajua mambo haya kwa njia yake. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Waha, Wamanyema na wana wa waliotoka mwambao wetu wamekaa hapo vizazi kwa vizazi, na Kiswahili kikawa baraza lao. Lakini njia hiyo hiyo ya misafara ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuulizwa waende wapi wala wakae na nani. Binadamu hafananishwi na samaki. Ila aliyeisoma historia hiyo hawezi kulitazama tangi kama pambo tu. Samaki aliyetolewa jabalini hakuchagua safari, hakuchagua nyumba, wala hakuchagua jirani. Uchaguzi huo ameubeba mfugaji kwa niaba yake, nao ni amana: kabla ya kutazama rangi, aulize kwanza kila mmoja alikuwa akiishi wapi, akila nini, na akimkimbia nani.