Picha ya Susu na kisoma kadi kilichonyamaza

Nimekuwa kimya majuma kadhaa na wengine wenu mmeuliza niko wapi. Tulikuwa na msiba nyumbani, Kwa Vonza. Leo nimerudi, na kwa kuwa hapa tunazungumza mambo ya kompyuta, nitawasimulia jambo la kompyuta lililotukuta katikati ya msiba huo. Najua kuna mtu litamkuta, na huenda siku hiyo akawa na haraka kama sisi.

Susu (ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya) alifariki Jumamosi. Jumatatu kamati ya mazishi ilitaka kitu kimoja kutoka kwa familia: picha ya kuweka mbele ya kijitabu cha mazishi. Kijitabu kilikuwa kichapishwe Kitui mjini, na yule wa kuchapisha alisema akikosa picha kufikia Jumanne saa nne asubuhi tusimlaumu. Picha za Susu zilikuwa mbili. Moja ya kitambulisho, ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa akiicheka. Nyingine ya harusi ya jirani, zamani, yeye amesimama nyuma na kofia ya mtu imemkata nusu ya uso.

Lakini ilikuwako ya tatu. Majuma matatu kabla, binamu yangu alihitimu katika chuo kikuu kilicho hapa hapa Kwa Vonza, kile kilichopata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Susu alivaa kitenge kipya, akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, na binamu akamvua kitambaa cha kichwa akamvika kofia ya mahafali. Mpiga picha alikuwa mjomba, mwanawe wa mwisho, ambaye ana studio ndogo pale sokoni na huishi kwa picha za pasipoti na za wanafunzi. Picha ilikuwa ndani ya kamera. Tuliiona kwenye kioo cha kamera kwa macho yetu, Susu anacheka.

"Kompyuta imekataa kadi tangu jana," mjomba akaniambia. "Wewe si ndiyo kazi uliyosomea, mpwa wangu?"

Hakuna swali linaloniogopesha kama hilo. Ninaandika programu za watu wa mikopo, sitengenezi vifaa. Lakini huwezi kumjibu hivyo mtu aliyefiwa na mama.

Mtaniuliza kwa nini hatukutumia waya wa kamera. Kamera ni mtumba na tundu lake la waya lilishakufa. Mama mdogo alishauri tupige picha ya kioo cha kamera kwa simu tumalize mambo. Tulijaribu. Ilitoka na mwanga wa dirisha puani.

Basi, tukaanza. Kompyuta ya studio ni ile ya mezani, bado ina Windows XP, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia Aprili 2014, lakini mjomba hawezi kuuacha kwa sababu printa yake ya picha haina draiva ya mfumo mwingine. Ukichomeka kisoma kadi, taa yake inawaka. Herufi F inatokea. Ukiibonyeza, kompyuta inakuambia uingize diski kwenye F. Na kadi imo! Mjomba alikuwa ameitoa na kuirudisha mara hamsini, ameipuliza, ameisugua na shati. (Msisugue kadi na shati.)

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea karibu saa nzima. Nilibadilisha tundu la mbele nikatumia la nyuma, kwa kuwa matundu ya mbele kwenye hizi kompyuta za zamani mara nyingi yana umeme hafifu. Nikabadilisha waya. Nikaondoa draiva nikairudisha. Nikawasha upya kompyuta, na kwa mashine ile hiyo ni safari ya chai nzima. Nilikuwa naitibu kompyuta kwa sababu mjomba alisema "kompyuta imekataa". Sikuuliza nani anamkataa nani.

Maana kati ya picha na kioo kuna watu wanne. Kompyuta inaongea na kisoma kadi. Kisoma kadi kinaongea na kadi. Ndani ya kadi kuna mpangilio wa mafaili ambao mfumo wa kompyuta unapaswa kuuelewa. Ndipo unafika kwenye picha. Nilipochomeka kile kisoma kadi kwenye laptopu yangu yenye Linux nikaandika lsusb, jina lake likatokea mara moja. Nikaandika dmesg, nikaona kimepokelewa vizuri kabisa kama diski, ila diski yenyewe haina kitu ndani. Kwa hiyo kompyuta haijakataa chochote. Imekitambua kisoma kadi. Kisoma kadi ndicho kisichoiona kadi.

Nikamwomba mjomba kadi nyingine yoyote. Akatoa kwenye droo kadi ya zamani ya GB 1, iliyoandikwa kwa kalamu "harusi". Tukaichomeka. Mara picha zikamwagika, maharusi wa miaka mingi iliyopita. Nikaitazama ile kadi ya kamera. GB 64, mpya, aliinunua kwa ajili ya msimu wa mahafali na siku ile ndiyo aliitumia mara ya kwanza. Nikageuza kisoma kadi: kimeandikwa SD tu. Hakina HC wala XC.

Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo. Kadi za SD za mwanzo zilikuwa zinahesabiwa baiti moja moja. Anwani ina biti 32, kwa hiyo ukihesabu hadi mwisho unapata baiti 4,294,967,296, yaani GB 4, na kwa kawaida kadi hizo ziliishia GB 2. Mwaka 2006 ikaja SDHC. Wakabadilisha hesabu: badala ya baiti, anwani ikawa ya kipande cha baiti 512. Biti ni zile zile 32, lakini sasa zinafika TB 2. SDHC yenyewe iliwekewa mpaka wa GB 32, na mwaka 2009 ikaja SDXC ya kuanzia juu ya hapo.

Sasa, kadi kubwa ikipewa umeme huwa inangoja kusalimiwa. Msomaji anapoiamsha anatakiwa kuiambia kwamba yeye anaelewa kadi kubwa. Asiposema hivyo, kadi inaendelea kujibu "bado sijawa tayari, bado sijawa tayari", mpaka msomaji anachoka na kusema hakuna kadi. Ni kama mtu anayepiga hodi kwa lugha isiyojulikana nyumbani humo. Wenyewe wamo ndani, lakini hawafungui. Kadi haijaharibika, kisoma kadi hakijaharibika. Kimoja kilizaliwa kabla ya salamu ya mwenzake kutungwa, na hakuna draiva duniani itakayokifundisha.

Binamu akatumwa kwenye duka la vifaa vya simu hapo sokoni, akarudi na kisoma kadi kipya cha shilingi 250. Mimi nilikuwa nje napokea simu ya kamati. Niliporudi, nikamkuta amekwisha kukichomeka kwenye kompyuta ya studio, mjomba ameinama juu ya bega lake, wote wanatabasamu kwa sababu kadi imeonekana. Na kwenye kioo, ujumbe: diski iliyo kwenye F haijafomatiwa, je, unataka kuifomati sasa? Kishale kilikuwa juu ya Ndiyo.

"Usibonyeze!"

Nilipiga kelele hata waombolezaji waliokuwa dukani jirani wakaja kuchungulia. Binamu akaachia kipanya kama kimemchoma.

Kompyuta haikuwa inadanganya, ilikuwa inasema kadiri ya elimu yake. Kadi za SDXC hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio unaoitwa exFAT, ulioanza kutumika 2006, miaka mitano baada ya XP. XP isiyowekewa nyongeza yake haiujui. Na mfumo usioujua mpangilio hausemi "sijui kusoma hii". Unasema "hapa hapajaandikwa kitu, nikufutie?" Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa ujumbe mbaya kuliko wote walioandikwa na watu wa kazi yetu, na nawaambia hivyo nikijua mimi pia nimeandika mingine ya aina hiyo. Ni kweli kufomati kwa haraka hakufuti picha zote papo hapo, na kuna programu kama PhotoRec ya Christophe Grenier inayoweza kuzifukua. Lakini sikutaka kuifukua Susu.

Nikachomoa kadi. Nikasukuma kile kitufe kidogo cha pembeni kwenye upande wa kufunga. Jueni kwamba kitufe hicho hakizuii kitu ndani ya kadi yenyewe. Ni ishara tu kwa kisoma kadi, na kinachoheshimu kitaheshimu. Kisha nikaichomeka kwenye laptopu. Linux ina exFAT ndani ya kiini chake tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019, baada ya Microsoft kuweka maelezo yake hadharani mwaka huo huo. Folda ikafunguka. Mafaili 311.

Sikufungua hata moja kwanza. Nilinakili yote kwenye laptopu, nikanakili tena kwenye flashi yenye FAT32 ambayo XP inaielewa, ndipo nikafungua. Ilikuwa ya 204. Kofia imeinama upande wa kushoto, uzi wake umeangukia jichoni, na mkono wa binamu unaonekana ukiurekebisha.

Mjomba aliitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza kama naweza kuuondoa ule mkono. Binamu akasema tuuache. Tukauacha.

Flashi ilipanda gari la Kitui Jumanne asubuhi mapema, na nakala nyingine nikaituma kwa barua pepe kwa sababu siamini gari wala flashi. Kisoma kadi cha zamani mjomba amekataa kukitupa. Anasema kadi za harusi bado zimo kwenye droo na hicho ndicho zilichokizoea. Nimekibandikia karatasi: "GB 2 kushuka chini tu." Kwenye kompyuta nimebandika nyingine kubwa zaidi, kwa wino mwekundu: "IKIULIZA KUFOMATI, HAPANA. NIPIGIE SIMU."

Amekwisha kunipigia mara mbili.