Mkunga, mafuta na presha ya mjomba

Wadau, leo naungama. Wiki tatu zilizopita niliandika gazetini makala ya mkunga, yule samaki mrefu wa mtoni ambaye sisi watu wa mjini tukimwona tunakimbia, nyoka! Nikasema mafuta yake ni mazuri kwa moyo, yamejaa omega-3. Mhariri akaipenda, nami kichwa kikavimba.

Jumamosi nikapanda Matombo kumsalimia mjomba. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumfanyia mzaha. Nikamkuta anakula mkunga wa kukaanga, makala yangu imebandikwa ukutani.

"Mjomba, umeniponya. Vidonge vya presha nimeacha."

Nilichoka kabisa.

Takwimu zangu zilikuwa za Marekani. Gramu 100 za mkunga mbichi zina mafuta gramu 12 hivi, wakati perege hafikishi hata 2. Zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni jamii ya yale ya zeituni, asidi ya oleiki ikiongoza. Omega-3 niliyoipigia debe? Haifiki gramu 1.

Tena huyo ni mkunga wa huko. Wa kwetu ni aina nyingine, na hata wa mto mmoja hawalingani. Mkunga huzaliwa baharini, akapanda Ruvu akiwa mwembamba kama njiti ya kiberiti, akakaa miaka anajinenepesha. Kisha huteremka kurudi Bahari ya Hindi kuzaa, na safari nzima hali kitu. Utumbo wenyewe husinyaa. Mafuta ndiyo petroli yake. Ukimvua anapoondoka ni mnono, ukimvua bado mdogo ni mkavu. Mimi nikaandika namba moja, utadhani wote wametoka kiwandani.

Na hata mafuta yake yangekuwa zeituni tupu, samaki si kidonge. (Halafu mjomba alimkaangia mafuta ya kutosha kuendesha daladala.)

Nikamweleza. Akaninyamazia kwanza.

"Kwa hiyo gazeti limedanganya?"

"Si gazeti, mjomba. Ni mimi."

Jumatatu tukaenda kupima: 180 kwa 110. Vidonge amevirudia. Mkunga anaendelea kula, ila sasa wa kuchemsha, na ukutani makala imebanduliwa. Masahihisho nimempelekea mhariri. Mpaka leo hayajatoka, ndiyo maana nayaweka hapa.