Kwenye Mji wa Wafichaji wa Kanuni

Wengi wanaokwenda Italia mara ya kwanza hutaka kuiona Roma, na wafanyabiashara wetu huishia Milano kwenye viatu na mikoba. Mimi nilikwenda Bologna kwa sababu ya mlinganyo wa kipeo cha tatu. Ofisa wa uhamiaji pale Malpensa aliponiuliza nimefuata nini, nilimwambia nimekuja kumtembelea mpwa wangu, nalo lilikuwa kweli. Habari ya mlinganyo niliimeza. Mbele ya mtu aliyeshika mhuri si mahali pa kuanza kueleza historia ya hesabu.

Treni ya kasi kutoka Milano hufika Bologna kwa saa moja na ushei. Ukutani mwa kituo kuna saa kubwa iliyosimama kwenye saa nne na dakika 25. Imeachwa hivyo makusudi, kukumbuka bomu la asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1980 lililoua watu 85 hapo hapo kituoni. Chini yake ndipo mpwa wangu aliponipokea begi.

“Shikamoo mjomba. Za safari?”

“Marahaba. Nzuri, ila mgongo.”

“Wageni wote wakija huku wanataka niwapeleke kwa Ferrari,” akasema, maana kiwanda cha magari hayo kiko Maranello, si mbali sana. “Twende kesho?”

“Ferrari ndiye niliyemfuata,” nikamjibu. “Ila wangu mimi alikufa mwaka 1565.”

Bologna ni mji wa kutembea kwa miguu, hata mvua ikinyesha, na siku ile ilinyesha kweli kweli. Barabara zake zina varanda ndefu zenye nguzo pande zote, jumla yake kilometa 62, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza sehemu zake kwenye orodha ya urithi wa dunia. Zamani wanafunzi walipozidi mjini, wenye nyumba walipanua vyumba vya juu vikaning’inia barabarani, halafu wakavisimamishia nguzo. Serikali ya mji ikaona afadhali iwe sheria. Kwa hiyo tulitoka kituoni hadi Piazza Maggiore bila mwavuli, mpwa wangu mbele na begi, mimi nyuma nikisoma vibao vya mitaa.

Kutoka uwanja huo, hatua chache tu pembeni ya kanisa la San Petronio, ndipo lilipo jengo la Archiginnasio, lililofunguliwa mwaka 1563 ili chuo kikuu kikae chini ya paa moja. Watalii hupanda moja kwa moja hadi ukumbi wa anatomia, wa mbao tupu, ulioangushwa na bomu la Januari 1944 na kujengwa upya kwa vipande vilivyookotwa kwenye kifusi. Mimi nilikaa zaidi uani na kwenye ngazi. Kuta zote, na dari, na matao, vimejaa nembo za wanafunzi wa kale, kama 6,000 hivi: simba, minara, samaki, ngao za rangi, na chini yake jina la kijana na mji alikotoka. Hakuna hata shubiri moja iliyoachwa wazi. Unapopanda ngazi unahisi unakaguliwa na darasa zima.

Hata hivyo yule niliyemtafuta kwanza, Scipione del Ferro, hakuwahi kufundisha humo. Alifundisha hesabu Bologna kuanzia 1496 hadi alipofariki mwaka 1526, zama ambazo masomo yaliendeshwa kwenye vyumba vya kupanga vilivyotawanyika mjini. Mlinganyo wa kipeo cha pili, ule ambao mtoto wa kidato cha pili kwetu huutolea jasho, ulikuwa umeshapata njia yake tangu karne ya 9, al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake Baghdad. Wa kipeo cha tatu ulibaki umefungwa. Omar Khayyam aliuendea kwa michoro, akakata mstari wa koni moja kwa mwingine, lakini kanuni ya kuandika na kukokotoa hakuipata. Del Ferro aliipata, angalau kwa aina moja ya mlinganyo huo. Kisha akanyamaza.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nyumbani nilimwona mchoyo. Nikiwa pale uani, nikihesabu nembo za vijana waliolipa ada zao na kuchagua wa kumsikiliza, nilianza kumwelewa. Ajira ya mwalimu ilikuwa ya mkataba wa muda, na mtu yeyote aliweza kukupa changamoto hadharani: anakuletea maswali, wewe unampa yako, na mji mzima unasubiri nani ataumbuka. Aliyeshindwa aliweza kupoteza wanafunzi, na pengine kazi. Kanuni ambayo wengine hawaijui ilikuwa silaha ya kulinda mkate. Ni kama mganga asiyetaja mizizi ya dawa yake: hawezi kulaumiwa kwa kuogopa njaa, lakini akifa, dawa nayo huzikwa.

Yake haikuzikwa, kwa bahati tu. Kabla ya kufa alimnong’oneza mwanafunzi wake mmoja, Antonio Maria Fior, na daftari lake likabaki kwa mkwewe, Annibale della Nave, aliyeoa binti kisha akarithi na kazi ya kufundisha. Fior hakuwa bingwa wa hesabu. Alikuwa na kanuni hiyo moja, akadhani inatosha. Mwaka 1535 alimpa changamoto Niccolò, mwalimu wa Venezia aliyejulikana kwa jina la utani la Tartaglia, yaani Kigugumizi, kwa sababu akiwa mtoto askari wa Kifaransa walimkata taya kwa upanga mjini kwao Brescia. Maswali 30 kwa 30. Yote 30 ya Fior yalihitaji kanuni ile ile. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari Tartaglia aliigundua mwenyewe, akayamaliza maswali yote kwa muda usiozidi saa mbili. Fior haonekani tena kwenye historia.

Tartaglia naye akaifungia kabatini. Aliyeitoa ni Girolamo Cardano, tabibu wa Milano na mcheza kamari, mtu wa maneno matamu. Mwaka 1539 alimwalika kwake, akala kiapo kuwa hataichapisha, na Tartaglia akampa kanuni kwa mashairi, isije ikasomwa na kila mpita njia. Miaka minne baadaye Cardano alifunga safari hadi Bologna na kijana wake, Lodovico Ferrari, wakamwomba della Nave awaonyeshe daftari la marehemu. Kanuni ilikuwemo, kwa mkono wa del Ferro, ya zamani kuliko ya Tartaglia. Cardano akaona kiapo hakimbani tena. Mwaka 1545 akatoa kitabu chake, Ars Magna, kilichochapishwa Nuremberg, na ndani yake akawataja wote wawili kwa heshima.

Tartaglia alimtukana hadi mwisho wa maisha yake, na waandishi wengi humhurumia. Mimi niko upande wa Cardano. Kiapo ni kiapo, sikatai, lakini laiti kila mmoja angeshika chake, mimi leo nisingekuwa na cha kufundisha.

Ferrari ndiye anayenigusa kuliko wote. Alizaliwa Bologna mwaka 1522, akapelekwa kwa Cardano akiwa na miaka 14 kuwa mtumishi wa ndani. Bwana wake alipogundua kijana anasoma na kuandika, akamfanya karani, kisha mwanafunzi. Kufikia mwaka 1540 mtumishi huyo alikuwa ameufungua mlinganyo wa kipeo cha nne. Mwaka 1548 alikabiliana na Tartaglia kanisani Milano, mbele ya umati, na mzee akaondoka mjini kabla shauri halijaisha. Ferrari alirudi kufundisha kwao mwishoni mwa maisha yake, akafa mwaka 1565. Inasemekana dada yake alimtilia sumu. Magari hayahusiani naye.

Del Ferro amepewa mtaa, nje ya mji wa kale upande wa San Vitale. Nilitaka kuuona, tukaenda: nyumba za ghorofa za kawaida, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. Kilichonishangaza ni jirani yake, Via Libia. Eneo hilo huitwa Cirenaica, na mitaa yake ilipewa majina ya miji ya Libya baada ya Waitaliano kuivamia mwaka 1911. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji uliyafuta, ukaweka ya wapiganaji waliopinga ufashisti, ukaliacha moja tu hilo. Mpwa wangu alikuwa amepita hapo mara nyingi bila kujiuliza.

Usiku alisonga ugali kwa unga wa polenta, ambao ukiuzoea huna haja ya kubeba sembe kutoka nyumbani. Yeye anasomea uhandisi wa umeme. Baada ya kula nilichukua karatasi nikamwandikia mfano wa Cardano mwenyewe: x³ + 6x = 20. Kanuni inasema chukua kipeuo cha tatu cha √108 + 10, toa kipeuo cha tatu cha √108 − 10. Alibonyeza simu yake: 2.732 kutoa 0.732. Mbili kamili. Akacheka.

Nikamwandikia wa pili: x³ = 15x + 4. Huu hauhitaji simu. Weka 4 mahali pa x: 64 upande huu, 60 na 4 upande ule. Lakini ukiufuata kwa kanuni, katikati ya njia unakutana na kipeuo cha pili cha −121. Namba gani ikijizidisha yenyewe inatoa hasi? Cardano alifika mahali kama hapo, akaona ni mateso ya akili yasiyo na faida. Aliyevuka ni Rafael Bombelli, mzaliwa wa Bologna wa mwaka 1526, mhandisi ambaye hakusoma chuo kikuu chochote. Kazi yake ilikuwa kukausha mabwawa ya Val di Chiana, huko Toscana, na mradi uliposimama kwa muda akatumia nafasi hiyo kuandika kitabu cha aljebra. Yeye aliamua kuzipa namba hizo sheria za kujumlisha na kuzidisha, kama namba nyingine yoyote, aone zitamfikisha wapi. Kipeuo cha tatu cha 2 + √−121 kikawa 2 + √−1. Cha mwenzake, 2 − √−121, kikawa 2 − √−1. Ukijumlisha, vile vya ajabu vinafutana, inabaki 4.

Mpwa wangu aliitazama ile karatasi kwa muda.

“Mjomba, si ndiyo j yetu hii? Umeme wa kubadilika wote tunaupigia hesabu kwa hii.”

“Ndiyo hiyo.”

“Mbona darasani walitupa tu?”

Kitabu cha Bombelli kilitoka mwaka 1572 kikiwa na sehemu tatu. Nyingine mbili zilidhaniwa zimepotea, hadi mwaka 1923 Ettore Bortolotti alipozikuta Bologna, kwenye maktaba iliyomo ndani ya lile lile jengo la Archiginnasio.

Kabla ya kurudi tulipanda treni ya mkoa hadi Modena, ambako ni nusu saa tu. Baada ya Ferrari kila mwanahesabu wa Ulaya aliona zamu ni ya kipeo cha tano, na kwa zaidi ya miaka 200 hakuna aliyefaulu. Paolo Ruffini, mwalimu na daktari wa Modena, aliligeuza swali: huenda kanuni haipo. Mwaka 1798 alikataa kula kiapo cha utii kwa serikali iliyosimikwa na Wafaransa, akaondolewa chuoni, akarudi kutibu wagonjwa. Mwaka uliofuata kitabu chake kikachapishwa Bologna, kikidai kuthibitisha kuwa kanuni ya jumla haiwezi kupatikana juu ya kipeo cha nne. Alimpelekea Lagrange, bingwa wa hesabu wa zama zile, kimya. Akampelekea tena, kimya. Kulikuwa na pengo moja katika uthibitisho wake, lakini wazo lilikuwa sahihi. Mwanahesabu Cauchy wa Ufaransa ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu, mwaka 1821, miezi michache kabla Ruffini hajafa. Niels Abel wa Norwei alikamilisha uthibitisho mwaka 1824, na Évariste Galois wa Ufaransa, aliyeuawa mwaka 1832 akiwa na miaka 20, akaonyesha jinsi ya kupambanua mlinganyo unaofunguka na usiofunguka: tazama namna majibu yake yanavyoweza kubadilishana nafasi. Mikusanyiko ya mabadilishano hayo aliiita makundi. Hapo ndipo aljebra ilipoacha kuwa kazi ya kusaka x tu, na watafiti wake wa leo bado wanachimba kwenye makundi hayo na jamaa zake.

Nilisimama kwenye uwanja mkuu wa Modena, mbele ya mnara wa Ghirlandina, nikimwaza daktari anayetoka kwa mgonjwa jioni na kwenda kuandika kurasa ambazo hakuna atakayemjibu. Mpwa wangu alikuwa amekwenda kununua kahawa.

Mwalimu mwenzangu wa kidato cha sita, safari nyingine ukifika kwenye namba changamano, usianze na x² + 1 = 0. Mwanafunzi mwenye akili ataukataa mlinganyo huo, na atakuwa na haki: hauna jibu analoliona, basi yamekwisha. Mwandikie x³ = 15x + 4. Mwache ahakiki kwamba jibu ni 4, halafu mpe kanuni ya Cardano na umwambie alifikie jibu hilo kwa njia hiyo. Akikwama kwenye √−121, usimsaidie haraka.