Kabla Hujatuma Pesa, Uliza



Leo hatuongei kuhusu kufunga na kuomba. Leo tuongee kuhusu kununua. Ndiyo, kununua. Maana kuna mtu hapa ameomba siku arobaini apate pesa, na pesa ikifika anaituma kwa simu kwa dakika moja bila kuuliza swali hata moja.

Na mfano wangu ni jakuzi. Lile beseni kubwa la maji moto yanayochemka mapovu, ambalo umeliona hotelini ama kwa sinema.

Usikimbie! Najua unasema, "Pastor, mimi natafuta pesa ya unga, jakuzi ni ya nani?" Ngoja kidogo. Maswali ya kununua jakuzi ndiyo yaleyale ya kununua tangi la maji, pikipiki, ama ploti. Ukiyajua, yatakulinda.

Mama yangu anaishi Limuru. Wewe unayejua Limuru unajua baridi ya Julai ilivyo. Magoti yake yana baridi yabisi kwa miaka mingi. Asubuhi inamchukua muda mrefu kutoka kitandani hadi mlangoni. Dada yangu ni nesi Marekani, na huko anaona wazee wenye shida kama hiyo wakifanyishwa mazoezi ndani ya maji moto. Akatuuliza kwa grupu ya familia: mbona tusimwekee Mama jakuzi nyumbani? Tuko ndugu wanne. Tukaanza kuchanga, kila mwezi kidogo kidogo. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta muuzaji.

Kuna mpendwa aliyeniuliza, "Pastor, imani iko wapi? Si umwombee tu?" Ndugu yangu, tumemwombea na bado tunamwombea. Lakini soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliahidiwa kupona, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake. Maombi na tini havigombani.

Na je, unajua jakuzi ilianzaje? Jina hilo ni la familia. Ndugu wa ukoo wa Jacuzzi walitoka Italia wakahamia California. Walianza kwa kutengeneza mapanga ya ndege, baadaye wakawa watu wa pampu za visima. Mdogo wao, Candido, alikuwa na mtoto aitwaye Kenneth, ambaye viungo vyake vilishikwa na ugonjwa akiwa bado mchanga. Mtoto alikuwa anapelekwa hospitalini kutibiwa kwa maji yanayozungushwa. Baba akajiuliza: mimi natengeneza pampu, mbona mtoto wangu asipate maji haya nyumbani? Akatengeneza pampu ya kutumbukiza kwenye beseni la kuogea. Mwaka 1956 ikaanza kuuzwa. Ilipofika 1968, mtu mwingine wa ukoo huo, Roy Jacuzzi, akatoa beseni lenye pampu yake ndani. Hapo ndipo anasa ilipoingia.

Umeona? Kitu tunachokiita cha matajiri kilianza na mzazi na maumivu ya mtoto. Na hakikumponya Kenneth. Kilimpa nafuu. Shika neno hilo, nafuu, kwa sababu muuzaji wa kwanza niliyemwendea aliniambia Mama "atatupa fimbo." Mtu anayeuza beseni akianza kuahidi miujiza, anza kutafuta mlango.

Niliwaendea wauzaji watatu. Sitawataja majina, na nitakwambia sababu.

Wa kwanza ana duka zuri sana Nairobi. Vioo, kiyoyozi, chai na biskuti. Akaniita "Baba Mchungaji" mara nyingi kuliko washirika wangu. Akaniambia kuna bei maalum ya watumishi wa Mungu, lakini inaisha leo jioni.

Wa pili nilimpata kwa simu. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko wote. Lakini alitaka pesa yote itumwe kwanza, ndipo mzigo utoke. Nikamwambia, "Ndugu, nitakuja karakana nione." Akasema hana karakana. Nikauliza ikiharibika nampigia nani. Akasema, "Hizi haziharibiki." Wapendwa, kitu chenye pampu, hita na maji hakiharibiki?

Wa tatu yuko kwenye uwanja wa mabati, mikono ina grisi. Kabla sijauliza bei, yeye akaniuliza: "Pastor, ni ya nani?" Nikasema ni ya mama yangu. Akauliza, "Shosho anaweza kuinua mguu hadi wapi?"

Nikanyamaza. Wale wengine walikuwa wameniuliza rangi.

Akanipeleka kwa beseni moja akapima ukingo wake kwa tepu. Karibu sentimita 90. Akasema, "Shosho mwenye magoti mabovu hapandi hapa. Mkimnunulia hii mkaiacha juu ya simiti, watakaooga ni wajukuu."

Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayesema wa kwanza huonekana ana haki mpaka mwingine aje amhoji. Kwa hiyo nilichukua daftari nikaandika maswali, na nikawauliza wote watatu maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale. Hiyo ndiyo siri. Ukimuuliza mmoja bei, mwingine rangi, na wa tatu udhamini, hujalinganisha chochote. Umezunguka tu.

Nakupa maswali hayo.

Swali la kwanza: inakula stima kiasi gani? Wa kwanza alisema, "Kidogo sana." Sasa, kidogo si nambari. Fanya hesabu mwenyewe. Ukichukua lita 1,000 za maji ya nyuzi 15, ukataka zifike 38, inahitaji karibu yuniti 27 za stima. Hiyo ni sheria ya maumbile, hakuna muuzaji anayeipunguza. Hita ya kilowati 3 itafanya kazi karibu saa tisa. Baada ya hapo kinachobaki ni kuzuia joto lisitoke, na hiyo ni kazi ya kifuniko na kuta zake. Kwa hiyo usiangalie taa za rangi. Inua kifuniko. Ni kizito, kimejaa, kinaziba vizuri? Ama ni kama godoro la hosteli? Kule Limuru usiku, kifuniko kibaya ni tokeni zinazopaa hewani.

Swali la pili: imetengenezewa stima ya wapi? Dada yetu alitaka kununua huko Marekani aiweke kwa kontena. Fundi wa stima akatuzuia. Stima ya Marekani ni ya hezi 60, yetu ni volti 240 na hezi 50. Pampu iliyotengenezewa hezi 60 ikija hapa inazunguka polepole, na vifaa vingine vinaweza kuungua. Basi soma kibao cha mashine chenyewe. Usisome tangazo.

Swali la tatu: itakaa juu ya nini? Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 1,000 ni tani nzima, bado hujaweka watu wala beseni lenyewe. Hiyo haikai juu ya udongo wala kwenye roshani ya mbao. Inataka simiti imara.

Swali la nne: bei hii ina nini ndani? Hapa ndipo daftari lilifanya kazi. Ile bei ya watumishi wa Mungu haikuwa na VAT ya asilimia 16. Haikuwa na kifuniko. Haikuwa na usafiri wala watu wa kubeba. Haikuwa na simiti, fundi wa stima, wala dawa ya maji. Nilipojumlisha, yule wa uwanja wa mabati, aliyeonekana ghali asubuhi, alikuwa chini kufikia jioni. Kila kitu kwake kilikuwa kwenye karatasi moja, na risiti ya KRA angetoa.

Swali la tano: udhamini ni wa nini hasa? Wa beseni, wa pampu, ama wa hita? Nani analipa fundi kuja Limuru? Vipuri viko hapa Kenya ama vinaagizwa? "Miaka mitano" ni neno tamu, lakini miaka mitano ya ganda ambalo haliharibiki haikusaidii hita ikiungua mwezi wa nane.

Swali la sita: maji yatatunzwaje? Maji ya vuguvugu bila dawa ni nyumba ya wadudu. Kuna bakteria wanaitwa Legionella, wanapenda joto kama hilo, na mvuke wake ukivutwa unaweza kuleta ugonjwa mkali wa mapafu, hasa kwa wazee. Klorini ipimwe, pH ikae kati ya 7.2 na 7.8, kichujio kisafishwe. Yule aliyeniambia "hii haihitaji dawa" alikuwa anaongea kuhusu mapafu ya mama yangu. Nikafunga daftari.

Swali la saba halikuwa la muuzaji, lilikuwa la daktari. Mama ana presha. Maji moto hupanua mishipa na kushusha presha, mtu akisimama ghafla anaweza kupata kizunguzungu akaanguka. Daktari akakubali, lakini kwa masharti: maji yasizidi nyuzi 37, dakika 15 tu, na asiwe peke yake. Hata mtu mzima mwenye afya asipite nyuzi 40. Mama mjamzito aulize daktari wake kwanza. Na kama kuna watoto nyumbani, kifuniko kiwe na kufuli. Usicheze na hilo.

Sasa nikueleze kwa nini sitaji majina.

Nilipokuwa natoka kwa yule wa kwanza, alinisindikiza hadi kwa gari. Akainama dirishani akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, wewe una watu. Tuletee watano tu, tutakukumbuka." Hakusema rushwa. Alisema kukumbuka. Na mtumishi, nakwambia ukweli, kwa hesabu za mchango wetu, kukumbukwa huko kungemaliza deni lote la beseni la Mama. Ndugu zangu wasingejua. Ninyi msingejua. Mngeona tu Pastor anasifu duka fulani kwa nia njema.

Nikamwambia, "Ndugu, watu hao si wangu."

Wapendwa, Mithali 11:1 inasema wazi Mungu anavyochukia mizani ya udanganyifu. Tunafikiri mizani hiyo ni ya mama mboga na muuza nyama tu. Mchungaji naye ana mizani. Ninapokwambia "nunua hapa," unaniamini, unaweka mkono mfukoni. Kama nimelipwa kusema hivyo na sikukwambia, nimekupimia kwa jiwe bovu. Ndiyo maana hata yule mwaminifu simtaji hapa. Usiniandikie inbox. Madhabahu si bango la biashara. Nakupa maswali, majibu nenda kayatafute.

Kwa wa tatu hatukulipa yote. Alitupeleka kwanza Tigoni kwa mzee mmoja aliyemuuzia miaka minne iliyopita, tukamuuliza huyo mzee, muuzaji akiwa amebaki kwa gari. Kisha tukaandikiana: sehemu ya kwanza wakati wa kuagiza, nyingine ikifika, na ya mwisho maji yakishafika nyuzi 37 na Mama akishaingia na kutoka salama. Alikubali bila kununa. Muuzaji anayeamini mali yake haogopi hilo. Beseni lilizamishwa kwenye jukwaa la simiti ili ukingo uwe kimo cha kiti. Mama anaketi ukingoni, anageuka, anashusha mguu mmoja, kisha mwingine, ameshika chuma.

Hajatupa fimbo. Bado anatembea nayo. Lakini anasema usiku magoti yanamwacha alale. Kwetu hiyo ni shukrani ya kutosha.

Na wewe je? Labda wiki hii unataka kununua tangi, sola, friji ya kuuzia soda. Labda kuna mtu anakusukuma: "Ofa inaisha leo." Sikiliza, mpendwa. Ofa inayokukataza kulala na kuomba juu yake si ofa, ni mtego. Luka 14:28, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, na jambo la kwanza afanyalo ni kuketi chini ahesabu. Kuketi! Si kukimbia na simu mkononi.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta wauzaji watatu. Waulize maswali yaleyale. Andika majibu. Fanya hesabu yako mwenyewe. Ongea na mtu aliyenunua zamani. Usimalize kulipa kabla kitu hakijafanya kazi. Na msikilize sana yule anayeuliza "ni ya nani?" kabla ya kukutajia bei.

Na kama wewe ndiye muuzaji, na najua mko wengi hapa, wa hardware, wa simu, wa mitumba, neno lako ni hili: mteja anayeuliza sana si adui. Mwambie ukweli hata kama unakupotezea mauzo ya leo. Ukweli huo ndio utakaomrudisha kwako.

Baba, wape watu wako hekima sokoni kama unavyowapa hekima ibadani. Linda jasho lao. Wape nafuu wazazi wetu wanaoumwa viungo usiku huu, katika jina la Yesu.

Kama una mzazi anayeumwa, andika jina lake la kwanza hapa chini tumwombee. Na kama kuna kitu unataka kununua wiki hii, andika AMEN, halafu kachukue daftari.

Mbarikiwe sana.