Zamu ya Usiku, Sehemu ya 14: Eti Mama Hasikilizi Tekno?

Ya kunyonyesha tutaendelea nayo kesho. Leo ni muziki, na msinicheke.

Hapa Frankfurt ninapofanya kazi, mama mmoja mwenye mtoto wa wiki sita aliniuliza kwa sauti ya chini kama bado anaruhusiwa kusikiliza tekno. Mama mkwe amemwambia hizo ni kelele za klabu, aachane nazo, sasa ni mama wa mtu. Wimbo wenyewe ni The Age of Love, ile rimiksi ya Jam & Spoon ya 1992.

Huu wimbo una historia jamani. Ulitoka mara ya kwanza 1990, lakini uliokaa vichwani mwa watu ni huo uliotengenezwa upya na vijana wa huku Frankfurt, Rolf Ellmer na Markus Löffel. Löffel alifariki 2006. Mwaka 2021 Charlotte de Witte na Enrico Sangiuliano wakautengeneza tena, na watoto ambao 1992 hawakuwepo duniani wakaanza kuuruka.

Mbona hauchuji? Mimi ni nesi tu, lakini naona ni subira yake. Mdundo unatangulia, sauti ya mwanamke inaita, halafu kinanda kinapanda polepole, unangoja, unangoja, mpaka mwili unaitika wenyewe. Kasi yake ni kama midundo 130 kwa dakika. Wakunga mnaijua hiyo namba: moyo wa mtoto tumboni hupiga 110 hadi 160. Sisemi ndiyo siri yake, ila mimi nikiusikia naikumbuka ile mashine ya leba.

Nikamwambia asikilize. Spika ikae mbali na kitanda cha mtoto, na kama mnapaza sauti ndipo msikilizane, hiyo imezidi. Akitaka kucheza naye, amshike kifuani, shingo aishikilie, wayumbe taratibu. Kumtikisa mtoto, hapana kabisa.

Kilichonifanya nivute kiti ni aliposema tangu ajifungue hajatamani kitu kingine chochote. Chakula hapana, wageni hapana, usingizi hauji hata mtoto akilala. Mama, hali hiyo ikipita wiki mbili usiite uvivu wala kukosa shukrani. Nenda kliniki, useme hivyo hivyo ilivyo.

Tuliongea sana. Alitoka na miadi ya daktari, Alhamisi asubuhi. Mama mkwe ndiye atakayebaki na mtoto.