Walima wetu, fainali yao



Mabibi harusi watarajiwa wanatuuliza sana namna ya kupanga tarehe ya walima. Wanataka tuwaambie habari za mwezi, za mvua, za likizo za skuli. Siku hizi jibu letu ni fupi: muulizeni kwanza bwana harusi timu yake imefika wapi kwenye kombe.

Sasa tunacheka, lakini Jumapili ya Agosti 2, 2020 hatukucheka hata kidogo.

Mdogo wetu wa mwisho, kitinda mimba wa Bimkubwa, aliposwa na kijana wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, aliyekuja kusoma chuo hapa Unguja. Kijana mwenye adabu, anaswali, na kazi anayo. Nikaha ikasomwa hapa kwetu mwezi wa Julai. Walima wa upande wa mume tukakubaliana ufanyike kwao, Jumapili ya baada ya Idi Kubwa, ili nyama ya Idi na pilau ya harusi viwe chungu kimoja. Tarehe ilikubaliwa Juni. Aliyetaja mpira siku hiyo hakuwepo, maana ligi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza tena baada ya kusimamishwa kwa sababu ya korona.

Sisi madada watatu, shangazi mmoja na somo wa bi harusi ndio tuliompeleka. Boti mpaka Dar es Salaam, alfajiri Mbagala kupanda basi, daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, Nangurukuru, Mingoyo, Nanganga, kisha vumbi jekundu mpaka Ruangwa. Tulishuka rangi moja sote, na mabuibui meusi yalikuwa yamegeuka kahawia. Mama mkwe alitupokea kwa maji ya kuoga na sinia la ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini vya kusini, na tangu siku hiyo tuna deni naye la mapenzi.

Kilichotushangaza ni mitaa. Kila kona ilikuwa na jezi na bendera. Tukadhani, wallahi, kwamba wametupambia sisi. Shangazi akasema, "Wamwera wana heshima hawa, angalia walivyojiandaa." Kijana wa kubeba makasha akamsahihisha kwa upole: "Hapana, shangazi. Ni Namungo. Jumapili tuna fainali."

Kwa asiyejua, Namungo ndiyo timu ya Ruangwa. Wenyewe wanaiita Wauaji wa Kusini, jina ambalo Bimkubwa hajalizoea mpaka leo. Msimu wa 2019/20 ulikuwa wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, na walimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam tu. Mji mdogo wa korosho na ufuta, uwanja wenye jina la Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wao na Waziri Mkuu, na timu nzima za mijini zikawa zinashuka na vumbi lile lile tulilolila sisi. Simba walipokabidhiwa kombe la ligi mwezi wa Julai, walikabidhiwa hapo hapo Ruangwa, baada ya kutoka sare ya 0-0 na Namungo. Shemeji yetu anaisimulia siku hiyo kama mtu anayesimulia hija yake.

Na juu ya hayo wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Dhidi ya Simba. Sumbawanga, huko Rukwa, mbali na Ruangwa kuliko Ruangwa ilivyo mbali na kwetu. Siku ya walima wetu.

Basi tuwape picha. Pilau imeiva, nyumba imejaa, ua umetandikwa mikeka. Wanaume walikula haraka kama wasafiri, wakamwombea dua bwana harusi, kisha ua ukabaki mtupu. Wote kwenye kibanda umiza. Alibaki bwana harusi peke yake, kanzu na joho, amekaa wima, na simu imefichwa ndani ya joho inanong'ona. Somo wetu, mwanamke asiyepitwa na jambo, akamwambia, "Baba, joho lako linatangaza mpira."

Sisi tulikuwa ndani tunamvisha bi harusi shela kwa ajili ya kumtoa. Ghafla nje vigelegele, tena vya nguvu. Tukasema, ndiyo wanamwita. Tukamsimamisha, shangazi akatangulia na ubani, tukamtoa taratibu kwa mwendo tuliomfundisha wiki nzima. Hakuna aliyegeuka. Wifi zake, mama mkwe, bibi wa miaka themanini na kitu, wote wamezunguka redio moja ndogo. Simba walikuwa wametangulia kwa mabao mawili, la Luis Miquissone na la John Bocco, na wakati huo Edward Manyama alikuwa amerudisha moja. Mwari wetu amesimama na maua mkononi, hina mpaka kwenye kiwiko, anawatazama migongo wakwe zake.

Alicheka yeye wa kwanza, Alhamdulillah. Angelia, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Ikaisha 2-1. Bwana harusi akala kijiko kimoja cha pilau akaweka kijiko chini. Tukamwonea huruma, kisha tukaona ajabu: wanaume wanarudi kutoka kibandani, na wanaimba! Mzee mmoja akatufafanulia. Kwa kuwa Simba walikuwa tayari na ubingwa wa ligi, ile nafasi ya Kombe la Shirikisho la Afrika iliangukia Namungo. Wamefungwa, na wanakwenda Afrika. Dufu lilipigwa mpaka usiku. Hatujui mpaka leo lilipigwa kwa ajili ya harusi au kwa ajili ya safari.

Tukarudi Unguja, yeye akabaki. Mdogo wetu hakuwa anajua kona wala penalti. Lakini mwanamke aliyeolewa ugenini hujifunza lugha ya nyumba, na nyumba ile lugha yake ilikuwa Namungo. Sauti alizoturushia kwa simu zilianza na mapishi na zikaishia na matokeo. Novemba wakawatoa Al Rabita ya Sudan Kusini. Kisha wakaja Al Hilal Obeid ya Sudan: 2-0 Dar es Salaam, 3-3 kule Sudan, wakapita tena. Michezo hiyo ya nyumbani ilichezwa Dar, si Ruangwa, na kila mechi ilikuwa na nauli, na malazi, na siku mbili za kulala peke yake. Alilalamika kidogo. Tulimwambia avumilie.

Kwetu nako mambo yalibadilika. Desemba timu ilikabidhiwa kwa Hemed Suleiman, "Morocco", mtoto wa visiwani, yule yule aliyeipeleka Zanzibar Heroes fainali ya Chalenji nchini Kenya mwaka 2017, tukafungwa kwa penalti na wenyeji. Bimkubwa aliposikia alisema, "Sasa hiyo ni timu yetu, msinifiche matokeo." Januari walipokuja Kombe la Mapinduzi, mdogo wetu na mumewe walikuja nao, na nyumba yetu, ambayo nusu ni Simba na nusu ni Yanga tangu tuzaliwe, ilikaa upande mmoja kwa mara ya kwanza. Waliishia nusu fainali mbele ya Simba. Simba tena!

Februari wakaenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto. Walipofika Luanda wakapimwa, baadhi ya waliokuwa kwenye msafara wakaambiwa wana korona, timu ikawekwa karantini na mechi haikuchezwa. Siku zile Ruangwa ilikuwa inasoma nyiradi, alituambia, kama kwa wasafiri waliopotelea baharini. Mwishowe CAF ikaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo wakashinda 6-2. Ya pili wakafungwa 3-1, na kwa jumla ya 7-5 wakaingia hatua ya makundi. Msimu wa pili tu tangu wapande Ligi Kuu, mashoga zetu.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tukae kuandika. Yeye ameturuhusu, na mumewe pia.

Baada ya zile sita, shemeji alirudi Ruangwa na kabati la vyombo. Zuri, la vioo, limefungwa nailoni. Mdogo wetu akauliza pesa zimetoka wapi, kwa sababu korosho ilikuwa imeshauzwa na hesabu yake aliijua. Akamjibu kwa furaha tu, bila kuficha: ameshinda mkeka. Alikuwa amebeti kwamba Namungo watashinda. "Nimeiwekea timu yangu," akasema, kama vile hiyo inabadili kitu.

Usiku ule alitupigia akinong'ona kutoka jikoni. Na sisi, tukiri, hatukuwa na neno moja. Mmoja wetu alisema anyamaze, ndoa changa, mume hakuiba. Mwingine akasema kamari imetajwa pamoja na pombe ndani ya Suratul Maida, aya ya 90, na hakuna aya iliyosema isipokuwa timu ya nyumbani. Tukabishana sisi wenyewe mpaka salio likaisha, na yeye akabaki na shida yake kule.

Alichofanya hatukumfundisha. Mahari yake alikuwa ameiweka. Kwa wiki mbili alinunua unga, mafuta, mbaazi na samaki kwa mahari yake, akapika, akapakua, hakusema kitu. Kabati akaliacha na nailoni yake. Hakuweka hata kikombe. Siku shemeji alipouliza mbona halifunguliwi, alimjibu, "Hili si langu, na si lako pia."

Shemeji alitoka. Tunajua kutoka kwake mwenyewe kwamba aliudhika, akazunguka mji mzima, akaishia kwa sheikh wa msikiti wao akitarajia kuungwa mkono. Sheikh alimsikiliza, akamwambia atubie, na pesa ile aitoe kwenye manufaa ya watu bila kutarajia thawabu. Kabati likauzwa, ikanunuliwa saruji na bati, vikaenda kwenye choo cha watu wa gulio. Programu ya kubeti akaifuta mbele ya mkewe. Somo wetu aliposikia habari ya choo alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo tunawaambia wazi, mnaoposwa sasa. Mnauliza anaswali, mnauliza anakunywa, mnauliza ana mke mwingine. Ulizeni na hili. Vijana wetu wengi hawalihesabu kuwa ni kosa, wanaliona ni ushabiki. Mchezo wenyewe haukukatazwa. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa mara moja na akashinda mara nyingine, na hakuna aliyewekewa dirhamu.

Ila tulikuwa na hofu moja ambayo hatukumwambia. Tuliogopa kwamba mume asiye na mkeka atachoka, na akichoka atamlaumu mke. Na timu, subhanallah, ikamtia kwenye mtihani mkubwa. Kundi lilikuwa Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Namungo walicheza mechi sita. Walifungwa zote sita. Hawakupata pointi hata moja wala bao hata moja. Kulikuwa na majonzi mengine pia, kwani Machi 17 ndiyo siku Rais Magufuli alipofariki na nchi ikaingia kwenye maombolezo. Kibanda umiza kilichokuwa kinajaa mpaka watu wanasimama dirishani kikaanza kupungua. Wale waliokuwa na mikeka yao walikuwa wa kwanza kutoweka, au walibaki wakiwekea Raja.

Shemeji alikaa. Hapo ndipo tulipomjua. Hana shilingi kwenye mchezo, timu haifungi, na yeye yupo mpaka filimbi ya mwisho, anapiga makofi wachezaji wanapotoka. Kuanzia mechi ya tatu aliacha kwenda kibandani, akasikiliza nyumbani, na mdogo wetu akakaa naye akichambua mchele. Kona anaijua sasa. Anajua na kuotea, jambo ambalo sisi bado tunaelezwa.

Mechi za mwisho zilituingilia Ramadhani. Alituletea sauti baada ya ile ya sita, nyuma yake tunasikia vyombo vinaoshwa. Tukamuuliza nani anaosha. Akasema, "Mwenyewe. Kafungwa, kazima redio, kauliza kama uji umebaki, sasa anaosha vikombe kabla ya tarawehe."

Julai Raja wakachukua kombe lenyewe, kule Cotonou, na tukamwambia Bimkubwa kwa sababu alitukataza kumficha matokeo. Alikuwa anasuka ukili, hakuinua kichwa.

"Wale waliotufunga?"

"Ndiyo, Bimkubwa."

"Aa," akasema. "Kumbe si watu wa ovyo. Mpigieni mkwe wangu mumwambie."